Chumba cha oksijeni kwa vidonda vya utumbo mpana: ulizeni kwanza mgandamizo wake ni kiasi gani

Swali: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Tanga kuhusu mdogo wangu wa kiume, ana miaka 26. Miaka mitatu iliyopita alipigwa kamera ya utumbo mpana, wakachukua kinyama, wakasema ni kolitisi ya vidonda. Anameza mesalazini, na hali ikichafuka anapewa prednisoloni. Mwaka huu imechafuka mara mbili. Sasa hivi anakwenda choo mara nne au tano kwa siku na damu ipo. Kuna kituo Dar wanatangaza "chumba cha oksijeni" kwa wenye vidonda vya utumbo. Nilikwenda kukiona: ni kama hema la plastiki lenye zipu, unalala ndani saa moja. Wanataka alipie mara 20 kwa mkupuo, na wamemwambia akishaanza anaweza kuacha dawa. Mama yuko tayari kuuza kiwanja. Tiba hii ni ya kweli au tunaibiwa?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuuguza. Kabla sijasema lolote kuhusu oksijeni, mpigie mdogo wako simu leo umwambie asiache dawa hata moja. Kama bado yuko kwenye prednisoloni, hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mtu aliyeimeza kwa wiki kadhaa, tezi zake zilizo juu ya figo zimelala, zimezoea kuletewa. Akiikata ghafla, mwili unabaki bila homoni inayoshikilia presha ya damu na sukari, na anaweza kuanguka. Dawa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo, na wa kupanga hatua hizo ni daktari aliyeiandika. Na mama aambiwe kiwanja kisiuzwe kwa ajili ya hema hilo.

Sasa swali lako. Tiba ya oksijeni ya mgandamizo ipo, ina historia ndefu, na katika ugonjwa wa mdogo wako imefanyiwa utafiti na madaktari makini. Ndiyo maana inauzika kirahisi: anayekuuzia anaweza kukufungulia simu akakuonyesha habari za kweli kabisa kutoka Marekani. Tatizo ni kwamba kilicho kwenye habari hizo na kilicho kwenye hema mliloliona ni vitu viwili. Nataka uelewe tofauti hiyo vizuri, maana ukiielewa hutahitaji kuniuliza tena kuhusu kituo kingine chochote.

Nikisema mgandamizo hapa sizungumzii presha ya damu. Nazungumzia uzito wa hewa inayotukalia. Ukisimama ufukweni pale Tanga, hewa inakubana kwa kipimo tunachokiita angahewa 1. Ukizama baharini mita 10, maji yanaongeza angahewa nyingine, unakuwa na 2. Wapiga mbizi wa pwani yetu wanalijua hili kwa masikio yao, kwa sababu hata kabla ya kufika huko ngoma za masikio zimeshaanza kuuma.

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Ikifika kwenye mapafu, karibu yote inabebwa na chembe nyekundu za damu, na kwa mtu mwenye mapafu mazima chembe hizo zimeshajaa, asilimia 97 au 98. Huwezi kuzijaza zaidi hata ukivuta oksijeni tupu. Kinachoweza kuongezeka ni oksijeni inayoyeyuka kwenye majimaji yenyewe ya damu, kama gesi ilivyoyeyuka ndani ya chupa ya soda iliyofungwa. Mwingereza William Henry aliieleza kanuni hiyo mwaka 1803: kadiri unavyoikandamiza gesi juu ya kimiminika, ndivyo nyingi zaidi inavyoyeyuka humo. Kwa hewa ya kawaida, kila lita ya damu ina takribani mililita 3 tu za oksijeni iliyoyeyuka. Ukivuta oksijeni tupu kwenye angahewa 3, zinafika kama mililita 60, na mwili uliotulia unatumia kati ya 50 na 60 katika kila lita. Yaani majimaji ya damu peke yake yanatosha kumwendesha mtu. Daktari mpasuaji wa Amsterdam, Ite Boerema, alilithibitisha hilo kwa nguruwe wadogo mwaka 1960: aliwaondolea karibu chembe zote nyekundu, akawaweka ndani ya chumba cha angahewa 3, wakaishi.

Nakueleza haya yote kwa sababu moja. Kila kitu katika tiba hii kinasimama juu ya mambo mawili yanayokwenda pamoja: oksijeni tupu na mgandamizo mkubwa. Ukiondoa moja, hesabu yote inaporomoka.

Kwa nini utumbo? Ndani ya utumbo mpana kwenyewe, pale kinapopita kinyesi, karibu hakuna oksijeni kabisa. Bakteria wanaoishi humo ni wale wasioitaka. Milimita chache tu pembeni, chini ya ngozi laini ya utumbo, kuna mishipa yenye damu tele. Kwa hiyo seli za ukuta wa utumbo zinaishi mpakani, zimezoea oksijeni kidogo hata mtu akiwa mzima. Ugonjwa ukija, chembe nyeupe zinamiminika kupigana, nazo zinatumia oksijeni nyingi. Ukuta unavimba, mishipa midogo inabanwa na kuziba. Pale palipokuwa na kidogo sasa hapana kitu, na kidonda kisicho na oksijeni hakifungi. Wazo la tiba ni kuipeleka oksijeni hiyo kupitia majimaji ya damu, ambayo hupenya hata pale chembe nyekundu zinapofika kwa shida. Tena inaonekana kwamba vipindi hivyo vya oksijeni nyingi huzifanya chembe nyeupe zipunguze kung'ang'ania kwenye kuta za mishipa iliyovimba, kwa hiyo moto wenyewe unapungua, zaidi ya kule kukilisha kidonda.

Wazo ni zuri. Lakini mawazo mazuri katika udaktari ni mengi, na wagonjwa wengi wameumizwa nayo. Tuangalie kilichopimwa.

Utafiti ambao watu wengi wanautaja ulichapishwa mwaka 2018, ukiongozwa na madaktari wa Dartmouth huko New Hampshire, Marekani. Waliwachukua wagonjwa wa kolitisi ya vidonda waliolazwa hospitalini kwa hali ya kati au kali. Wote walikuwa wanapata steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, kwa mshipa. Kisha wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja liliingia chumba cha mgandamizo wa angahewa 2.4 na kuvuta oksijeni tupu. Kundi la pili liliingia chumba kilekile, mlango ukafungwa, mgandamizo ukapandishwa kidogo mpaka masikio yakaziba ili mgonjwa asijue yuko kundi gani, nao wakavuta hewa ya kawaida. Walikusudia wagonjwa 70, wakapata 18 tu, utafiti ukasimamishwa mapema. Siku ya tano, katika wale 10 waliopata tiba kamili, 5 walikuwa wametulia. Katika wale 8 wa chumba cha kuigiza hakutulia hata mmoja. Waliohitaji kuongezewa dawa kali zaidi au upasuaji wakiwa bado wodini walikuwa 1 kati ya 10 upande mmoja, na 5 kati ya 8 upande mwingine.

Hapa ndipo nataka usome taratibu. Unajua mgandamizo wa kile chumba cha kuigiza ulikuwa kiasi gani? Angahewa 1.34.

Mahema yenye zipu kama mliloliona hujazwa hewa mpaka angahewa 1.3 hivi, plastiki na zipu haviwezi kustahimili zaidi. Ni sawa na kuzama mita 3 tu. Kwa maneno mengine, mnachouziwa kwa bei ya kiwanja ni kile ambacho watafiti walikichagua kuwa si tiba, ili wapate cha kulinganisha na tiba. Wagonjwa 8 waliokipata, wakiwa na steroidi juu yake, hakutulia hata mmoja kwa siku ya tano.

Piga hesabu mwenyewe. Asilimia 21 ya oksijeni ukiizidisha kwa 1.3 unapata kama 27. Ni sawa na mtu aliyekaa kitandani nje ya hema, akavuta hewa yenye oksijeni asilimia 27. Mpira mwembamba wa puani uliofunguliwa lita 2 kwa dakika, ule ambao kila familia iliuona wakati wa korona, unatoa karibu asilimia 28. Hakuna daktari aliyewahi kusema mpira wa puani unaponya kolitisi. Vituo vingine huongeza mashine ndogo ya kuchuja oksijeni na barakoa ndani ya hema, na hapo kiwango kinapanda, lakini bado hakifiki popote karibu na angahewa 2.4 ya oksijeni tupu.

Kwa hiyo mkiingia kituo chochote, swali la kwanza kabla ya bei: mgandamizo wenu ni angahewa ngapi? La pili: mgonjwa anavuta nini? Asiyeweza kujibu haya mawili kwa namba, muageni kwa heshima mwondoke.

Tukubaliane pia kwamba hata tiba yenyewe kamili bado haijathibitika kiasi cha kuandikwa kama tiba ya kawaida. Watu 18 ni wachache mno. Wagonjwa wawili watatu wangebadilika, matokeo yote yangebadilika. Sweden nako walifanya utafiti wao, ukachapishwa mwaka 2013, nao kwa sadfa ulikuwa na wagonjwa 18 waliokuwa na shambulio kali. Kundi moja lilipata dawa za kawaida, la pili dawa hizohizo pamoja na chumba cha mgandamizo. Hawakuona tofauti. Kundi la Marekani baadaye likarudi na wagonjwa wengine 20, na kwa wale walioonyesha nafuu baada ya siku tatu chumbani likalinganisha kuishia siku tatu na kuendelea hadi tano. Kwa waliofika siku tano ugonjwa ulipungua zaidi kuliko kwa wenzao. Hilo linatia moyo, nami nalifuatilia kwa hamu ya kweli, kwa sababu nimeona vijana wakitolewa utumbo mpana mzima siku ya saba ya kulazwa, na ningefurahi sana tukipata kitu cha kuwaokoa hao. Lakini bado ni matumaini, na matumaini hayauziwi kiwanja.

Chama cha madaktari wa tiba hii huko Marekani, UHMS, kina orodha ya magonjwa ambayo ushahidi wake unatosha: sumu ya moshi wa kaboni, ugonjwa wa wapiga mbizi wanaopanda juu haraka, donda ndugu la mguu kwa mwenye kisukari, kuoza kwa nyama kwa bakteria wa gesi, madhara ya mionzi, na mengine machache. Kolitisi ya vidonda haimo, na ugonjwa wa Crohn, ambao nao ni uvimbe wa kudumu wa utumbo, haumo. Naliona hilo kuwa jambo kubwa: wao ndio wenye vyumba, wangekuwa wa kwanza kutaka kuiongeza.

Niseme kidogo kuhusu hayo madhara ya mionzi, maana najua jibu hili litasomwa na wengine. Mama aliyetibiwa saratani ya shingo ya kizazi kwa mionzi, pale Ocean Road au kwingineko, anaweza kuanza kutoka damu kwenye haja kubwa baada ya miezi au hata miaka. Majirani watasema ana vidonda kama vya mdogo wako. Hapana. Utumbo wake umekauka mishipa kwa sababu ya mionzi, na kwa ugonjwa huo tiba ya mgandamizo imo kwenye orodha. Akiambiwa aende, aende, mradi ni chumba cha kweli.

Na wenye ugonjwa wa Crohn ulioleta fistula karibu na njia ya haja kubwa, yale matundu yanayotoa usaha miezi na miezi. Hawa nawahurumia kuliko wote, kwa sababu wanaona haya kusema. Amsterdam waliwafuatilia wagonjwa 20 ambao dawa zilikuwa zimewashinda. Kila mmoja aliingia chumbani mara 40. Wiki ya 16, watu 12 walikuwa na nafuu, na 4 kati yao walikuwa wametulia kabisa. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo siwezi kusema yote ni kazi ya oksijeni. Ila kwa mtu ambaye ameshawekewa uzi wa kupitisha usaha, ameshapata antibayotiki na infliksimabu na bado anavuja, mimi simkatazi kwenda kuuliza.

Mdogo wako hayumo katika kundi lolote kati ya haya. Hajalazwa, hana fistula, hajapigwa mionzi. Yuko nyumbani na shambulio la kiasi, na kwa mtu wa namna hiyo hata chumba cha kweli hakijaonyesha kwamba kinasaidia. Ndiyo maana nataka nguvu zenu na fedha zenu ziende kwingine.

Barua yako ina sentensi moja iliyonishtua kuliko ile ya hema: imechafuka mara mbili mwaka huu, na kila ikichafuka anapewa prednisoloni. Mgonjwa anayehitaji steroidi mara mbili ndani ya mwaka mmoja anatuambia kwamba dawa yake ya kila siku haitoshi. Steroidi inazima moto haraka, haizuii kuwaka tena, na ukiirudia rudia inakula mifupa, inapandisha sukari, inavimbisha uso. Anatakiwa kupandishwa ngazi. Lakini kabla ya kupanda ngazi kuna mambo ya kuhakikisha, na mara nyingi ndipo tatizo lilipojificha.

Je, anameza mesalazini kila siku, hata akiwa mzima? Vijana wengi huacha damu ikikata. Bei nayo inauma, wanagawa vidonge viwe vya miezi miwili. Muulize kwa upole, bila kumgombeza, akwambie kweli. Dozi ni ngapi? Wakati wa shambulio mtu mzima huhitaji gramu 2.4 hadi 4.8 kwa siku, na nimewaona wengi wanaoishi na gramu 1 kisha wanaambiwa dawa imeshindwa. Amewahi kupewa mesalazini ya kuweka chini, ya kidonge cha njia ya haja kubwa au ya maji? Watu hawapendi kuisikia, lakini vidonge vya mdomo vikiunganishwa na ya chini vinafanya kazi kuliko vya mdomo peke yake, hata ugonjwa ukiwa umepanda juu. Kama mesalazini haipatikani au imewashinda bei, salfasalazini ni ya zamani, ni nafuu zaidi, na inafanya kazi kwa wengi.

Anatumia dawa gani za maumivu? Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo tunanunua dukani kama pipi, zinaweza kuichokoza kolitisi. Akiumwa kichwa au mgongo ameze panado.

Choo chake kimepimwa mara hii? Hapa kwetu hili si la kuruka. Kuharisha damu kunaweza kuwa amiba iliyomkuta mtu mwenye kolitisi, au kichocho cha utumbo, au bakteria aitwaye klostridiumu difisili anayekuja baada ya antibayotiki nyingi. Ukimwongezea steroidi mtu mwenye amiba unaweza kumuua. Kinyume chake pia kipo: nimepokea wagonjwa waliomeza metronidazoli mwaka mzima kwa "amiba sugu", au dawa za vidonda vya tumbo kwa sababu tu neno vidonda limetajwa, kumbe ni kolitisi tangu mwanzo. Vidonda vya tumbo viko juu, kwenye mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba. Vya mdogo wako viko chini, kwenye utumbo mpana. Dawa za huku hazitibu kule. Kumbe tangazo linalosema "vidonda vya utumbo" bila kusema vipi limeshakuonyesha kiwango cha utaalamu wa mwenye kuliandika.

Vipimo hivyo vikiwa safi na dozi ikiwa sawa, basi ngazi inayofuata ni azathioprini, kwa wengi wetu ndiyo inayofikika. Inachukua kama miezi mitatu kushika, kwa hiyo msikate tamaa wiki ya tatu, na lazima apimwe damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe na kuumiza ini. Juu yake kuna infliksimabu na jamaa zake, dawa za sindano, ghali, lakini zina ushahidi wa maelfu ya wagonjwa. Kabla ya infliksimabu ni lazima apimwe kifua kikuu na homa ya ini ya B. Kifua kikuu kilicholala huamshwa na dawa hizi, na katika nchi zetu waliobeba vijidudu hivyo bila kujua ni wengi. Kama mama ana fedha za kutoa, bora ziende huku: rufaa kwa daktari wa mfumo wa chakula, Muhimbili au KCMC, kamera irudiwe, dawa ipangwe upya. Mkiwa na bima, ulizeni mapema dawa zipi zinalipiwa.

Usiku akizidiwa mjue la kufanya. Akifika mara sita au zaidi kwa siku zenye damu, na mapigo ya moyo yanapita 90 kwa dakika, au homa inapita nyuzi 37.8, au damu imeshuka chini ya 10.5, hilo ni shambulio kali. Vigezo hivi vilitoka Oxford mwaka 1955, kwa madaktari Truelove na Witts, na mpaka leo havijazeeka. Siku hiyo si ya kusubiri miadi. Apelekwe hospitali, alazwe, apate haidrokotisoni kwa mshipa na sindano ya kuzuia damu kuganda, na daktari mpasuaji aambiwe mapema hata kama huenda asihitajike. Siku ya tatu watampima upya. Kama hajabadilika, waamue kuhusu infliksimabu, siklosporini au upasuaji. Ni katika siku hizi tatu hadi tano, hospitalini, ndipo oksijeni ya mgandamizo inapochunguzwa kama msaidizi. Utaona ilivyo mbali na hema la zipu.

Ikitokea siku moja mkapata nafasi ya chumba cha kweli, labda ndugu yenu aliyeko Muscat au Dubai akawaita, au mkaenda India kwa rufaa, kuna hatari za kujua. Masikio ndiyo huumia zaidi: mgandamizo unapopanda lazima ameze mate au apulize huku ameziba pua, na mwenye mafua asiingie siku hiyo. Macho yanaweza kuona mbali kwa shida kwa wiki kadhaa, kisha yanarudi. Degedege la oksijeni, ambalo Mfaransa Paul Bert alilieleza tangu 1878, ni nadra kwenye angahewa 2.4, lakini homa inalikaribisha. Mwenye sukari anayechoma insulini apimwe kabla ya kuingia, kwa sababu sukari hushuka. La mapafu nalitilia mkazo kwetu: aliyewahi kuugua kifua kikuu kikamwachia makovu au mapango, hewa inaweza kunaswa humo, na mgandamizo unaposhuka inatanuka na kupasua pafu. Picha ya kifua ipigwe kwanza. Mahali pasipouliza habari za kifua, msipaamini.

Halafu moto. Penye oksijeni nyingi, cheche ndogo inatosha. Januari 2025, katika mji wa Troy jimbo la Michigan, mtoto wa miaka 5 alifariki chumba cha oksijeni cha kituo binafsi kilipolipuka akiwa ndani. Kwenye chumba chenye utaratibu utavuliwa nguo zako upewe za pamba, hutaingia na simu, wala saa, wala manukato, wala udi nguoni, wala mafuta ya nazi kichwani. Uliniambia ulikwenda kukiona hicho kituo. Je, watu walikuwa wanaingia na simu zao? Kama waliingia nazo, umeshaona mengi.

Chumba cha kweli utakitambua kwa macho. Ni chuma au plastiki nene ngumu, kina saa ya kuonyesha mgandamizo, kina mtu aliyesomea anayekaa nje muda wote mgonjwa yuko ndani, na daktari aliye karibu. Kule Matemwe, kaskazini ya Unguja, kiliwekwa kimoja kwa ajili ya wapiga mbizi. Hakina zipu.

Kuhusu hiyo kauli kwamba anaweza kuacha dawa: katika tafiti zote nilizokutajia za kolitisi, wagonjwa waliendelea na dawa zao za hospitali. Hakuna aliyeambiwa aache. Aliyewaambia hivyo hana pa kuegemea, na mkimuuliza ni utafiti gani atabadilisha mazungumzo. Nakasirika ninapoandika haya, kwa sababu najua kiwanja cha mama kimechukua miaka mingapi kupatikana.

Wiki hii fanyeni mambo matatu. Choo kipimwe, damu ipimwe pamoja na CRP, kipimo kinachoonyesha ukali wa uvimbe mwilini, na uniandikie dozi ya mesalazini kama ilivyo kwenye boksi, gramu na mara ngapi kwa siku, pamoja na tarehe alizoanza na kumaliza prednisoloni mwaka huu. Ukiwa na barua ya majibu ya kile kinyama cha miaka mitatu iliyopita, ipige picha uiambatanishe. Nitakuandikia barua ya rufaa nikishaona hayo. Na umsalimie mama.